Elema wa Leseni na Ngamia Aliyejileta

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike kuazima kwa jirani, maana jirani keshalifungia sukari. Mambo ni haya.

Elema wa Bulla Pesa, mtaani kwetu Isiolo, ndiye yule aliyempiga Duba rungu kisimani, enzi za Mzungu, kwa ugomvi wa nani atangulie kunywesha. Duba akafa. Jaji akamwandikia Elema kitanzi, kisha kitanzi kikageuzwa kifungo cha maisha. Bendera ilipobadilika, wakubwa wapya wakafungua milango ya jela kwa furaha ya sherehe, wakamtoa maisha yake yakiwa hayajaisha, wakampa karatasi yenye picha na muhuri. Wenyewe waliiita leseni. Watu wengine wana leseni ya duka, wengine ya baiskeli. Elema alikuwa na leseni ya kutembea.

Ilikuwa na masharti manne, na Elema, asiyejua kusoma, aliyashika kama sala: asitoke nje ya mji, aripoti kituoni kila Ijumaa, asikutwe na mali isiyo yake, asikae na watu wabaya. Akivunja hata moja anarudi ndani kumalizia maisha aliyoyabakiza.

"Watu wabaya ni akina nani?" alimwuliza Sajenti Zachary siku ya kwanza.

Sajenti akazungusha mkono, akaanzia Bulla Pesa, akamalizia mtaa wa Kiwanjani.

Maana Elema alitoka ndani akatukuta sisi tumeingia. Ilikuwa miaka ya shifta, wale wapiganaji wa porini waliotaka kaskazini ijitenge. Kafyu jioni, vizuizi asubuhi, ng'ombe kuhesabiwa, ngamia kukamatwa, na ukiwa Mborana au Msomali ukikohoa tu unaulizwa unamwita nani. Sasa cheka kidogo: mtu pekee mtaani kwetu aliyekuwa na karatasi ya serikali iliyosema wazi kwamba anaruhusiwa kuwa nje, alikuwa muuaji. Sisi ambao hatujaua hata kuku tulichuchumaa juani kwenye kizuizi. Elema alitoa leseni yake, askari akaisoma, akasema, "Pita, mzee."

Na msiniambie habari za wafungwa wa maisha wanaotolewa mapema halafu wakarudia makosa. Wanarudia, ndiyo. Ewoi, Mturkana aliyetoka lango moja na Elema, hakumaliza mwezi. Alivuka mpaka wa mji akaenda Gotu kumwona mama yake mgonjwa. Gazetini ikaandikwa kwamba mhalifu sugu amerudia uhalifu. Kosa alilorudia lilikuwa kuwa na mama.

Basi wiki jana tulimwacha Elema alfajiri, mswaki mdomoni, katikati ya ua wa ploti anayopanga, anatazamana na ngamia.

Wa kwanza kuamka baada yake alikuwa Mbae, mwenye ploti. Mbae ni Mmeru, muuza miraa, na ndiye aliyemwekea Elema dhamana kituoni. Watu walishangaa. Yeye alisema hesabu ni rahisi: ukiwa na mpangaji ambaye polisi wanamchungulia kila wiki, mwizi hakusogelei.

"Elema."

"Naam, Mbae."

"Hiyo ni nini?"

"Ngamia."

"Naona ni ngamia, mimi si kipofu. Inafanya nini kwa ploti yangu?"

"Imejileta."

"Ngamia haijileti. Ngamia si mvua."

Wakati huo ngamia alikuwa amefika mlangoni kwa Mbae, amevuta furushi la miraa iliyoshuka kutoka Maua, anabandua majani ya ndizi kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi.

"Uuui! Miraa yangu!"

"Tena anachagua," akasema Umulkheir, mke wa Elema, aliyesimama mlangoni kwake akifunga leso. "Anakula changa, anaacha ngumu. Ametoka nyumba nzuri huyu."

"Ifukuzwe!" Mbae akapiga makofi. "Hai! Toka! Nenda kwenu!"

Ngamia akamtazama, akatafuna.

"Haifukuzwi," Elema akasema.

"Kwa nini?"

"Mnyama aliyepotea akija kwako humfukuzi. Unamfunga asiumie, unamnywesha, unatangaza pale watu wanapoteka maji. Mwenyewe anakuja anaita jina la mnyama wake, mnyama anaitika, unampa. Ndivyo tunavyofanya. Nikimfukuza akaliwa na fisi, nimemla mimi."

"Elema," Mbae akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa amezunguka nyuma ya ngamia. "Njoo uone matako ya mgeni wako."

Elema akazunguka. Kwenye paja la ngamia kulikuwa na mstari mnene wa rangi nyekundu.

Hakuna mtoto wa Isiolo wa miaka ile asiyeijua rangi hiyo. Mnyama aliyepakwa alikuwa amekamatwa. Alikuwa mali ya serikali, na makazi yake yalikuwa boma la miiba na waya karibu na Kiwanjani, ambako ngamia wetu waliingia wanene wakatoka ngozi.

Mbae akakaa juu ya furushi lake la miraa. "Basi tumekwisha. Mali isiyo yako. Si hilo ndilo sharti la tatu?"

"La tatu."

"Na Ijumaa hii anakuja yule mkubwa wa Nairobi, mkaguzi wa watu wa leseni. Nasikia anatafuta mmoja tu wa kurudisha, apate cha kuandika. Irudishe bomani saa hii, useme umeokota."

"Ewoi naye aliokota," Umulkheir akasema. "Aliokota mama."

Mbae akaokota miraa iliyobaki, akaihesabu.

Sasa mtu mwingine angengoja giza, angemswaga mnyama porini na kunawa mikono. Elema hakuweza. Jela ilimnyang'anya meno mawili na ujana wote, lakini haikumwondolea malezi ya baba yake. Alimfunga ngamia kwenye mti wa ua, akamnywesha debe zima, kisha, huku Mbae akimning'inia kwenye kikoi kama mtoto, akatoka akaenda bombani kulikojaa wanawake na punda.

"Salaam aleikum!" akapaza sauti. "Ngamia jike, mzima, yuko kwangu kwenye ploti ya Mbae. Mwenyewe aje aite jina lake."

Maji tu ndiyo yaliyoendelea kuongea.

Mwanamke mmoja akainua debe lake likiwa nusu, akaondoka. Wa pili akamfuata. Punda wakaswagwa. Akabaki mzee mmoja akifunga kiatu kisichokuwa na kamba.

"Elema mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "mimi sikusikia. Na wewe hukusema."

Ndivyo mfungwa wa maisha alivyotangaza hatia yake mwenyewe, kwa sauti, mchana, kwa adabu zote. Na ndivyo Bulla Pesa nzima ilivyoamua kutojua. Tulikuwa tumejifunza kutojua kwa kodi kubwa, na tulikuwa hodari. Watoto wa mtaani walileta majani kumlisha ngamia wasiyemjua. Imamu alipita akapunguza mwendo akasema ngamia huyo, kama angekuwapo, angehitaji chumvi.

Mwenyewe lakini hakutokea. Ngamia alikunywa maji ya Elema, akakubali kukunwa shingo, akamfuata uani kama bibi harusi. Kitu kimoja tu alikataa. Elema alipoleta kikombe amkamue, mnyama aliinua mguu wa nyuma, akafikiri, akampeleka Elema mpaka kwenye mabati.

"Hata yeye ana masharti," Umulkheir akacheka, akimpangusa mumewe vumbi.

Alhamisi adhuhuri, mtaa umelala kwa joto, mlango wa ua ukasukumwa. Akaingia mwanamke mzee mwenye ushungi mweusi, begani amebeba gorfa, kile chombo chetu cha maziwa cha kusukwa kwa nyuzi.

Alikuwa Ebla. Mama wa Duba.

Tangu siku ya kisima, Elema na watu wa nyumba ile hawakuwa wameamkiana, wala hawakunywa chombo kimoja. Damu ambayo haijasuluhishwa hufunga midomo pande zote mbili. Wakikutana sokoni, mmoja hugeukia ukuta mpaka mwingine apite.

Ebla hakugeukia ukuta. Alimpita Elema kama anayepita kigingi, akasimama mbele ya ngamia.

"Dalacha."

Ngamia akashusha shingo yote, akaguna guno ambalo Elema hakuwa amewahi kulisikia kwake.

"Dalacha mwanangu," Ebla akasema, akimshika shavu. "Mwambie huyo mtu aliyekufunga kwamba hajui kufunga. Amekufunga kama mbuzi."

Elema akaitazama kamba. Kweli. Akasogea, akalitazama sikio la ngamia, akaliambia sikio:

"Dalacha, mwambie mama sikujua wewe ni wa nani. Nilitangaza bombani. Hakuja mtu."

"Dalacha, mwambie nani angekuja? Anayekuja anachukuliwa. Mwanangu Godana amechukuliwa bila hata ya kuja."

"Dalacha, muulize mama, amechukuliwa kwa lipi?"

Ngamia alimtazama huyu, akamtazama yule, kama hakimu aliyekosa karani.

Ebla aliinama akaanza kukamua. Tangu awe mjane alikuwa akikamua ngamia wake mwenyewe, ingawa kwetu hiyo ni kazi ya wanaume, watu waseme watakavyo. Mguu wa nyuma haukuinuka hata kidogo.

"Mwambie walipokukamata, ndama wako akafa mle bomani, Godana akawa anakwenda kila siku kusimama nje ya waya akuangalie tu. Alisema macho hayakatazwi. Ulipovunja miiba ukatoka, wakasema Godana ndiye aliyekutoa, akawapelekea shifta wakakula. Jumamosi anapakiwa kwenye lori apelekwe kwenye kesi. Wanasema atapewa maisha."

Elema akakaa chini palepale, kwenye mavi ya ngamia, bila kuangalia.

Maisha. Neno lile wengine walilisikia redioni. Yeye alikuwa amelilalia, amelila na ugali, amelivunjia mawe. Alijua hata harufu yake asubuhi.

"Na mwambie hili, Dalacha, umwambie vizuri." Ebla alikuwa amesimama. "Alinichukulia Duba kwa mkono. Mkono niliuelewa. Lilikuwa jua, ulikuwa ujana, kisima kilikuwa kinakauka. Atanichukulia Godana kwa kunyamaza. Huko kunyamaza sitakuelewa."

Akanywa maziwa palepale akiwa ameegemea ngamia. Hakumpa Elema, na Elema hakutarajia. Akafunga gorfa, akaenda.

Mlango wa Mbae ukafunguka kidogo. "Elema," akanong'ona, "hiyo ngamia imejibu nini?"

Jioni ile walikaa watatu kwenye mkeka, nje kafyu ikiwa imeufunga mji kama sufuria.

"Tuchinje," Mbae akasema. "Tule. Tumbo halina rangi nyekundu."

"Na Godana?"

"Godana ana Mungu."

"Hata Ewoi alikuwa naye."

Mbae akachukua mti wa miraa, akautazama, akaurudisha. "Mimi si mtu mbaya, Elema. Lakini kidole kilichogongwa kwenye ile karatasi ya dhamana ni changu. Ukisema ngamia ilikuwa hapa, wanachukua wewe na ploti."

"Najua."

"Na mkaguzi ndiyo kesho."

"Najua, Mbae."

Umulkheir alikuwa akimmiminia mumewe chai. Huyu ndiye aliyeambiwa aolewe na mwingine akakataa, akauza maziwa, akauza chai, akamngoja.

"Nilikungoja nikiwa na meno yote," akasema. "Ukienda tena nitakungoja na fizi?"

Elema akatazama mikono yake. "Umulkheir, mimi nilimuua Duba mara moja. Kila nikiamka alikuwa amekufa mara moja tu. Hiyo naweza kuibeba. Lakini mama yule mmoja, watoto wawili, mtu yuleyule mmoja..."

Mke wake akainuka, akaingia ndani, wakasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa amebeba blanketi la jela, lile la kijivu alilotoka nalo Elema, akaanza kulikung'uta.

"Unafanya nini?" Mbae akauliza.

"Lina vumbi," Umulkheir akasema. "Mtu hawezi kwenda na blanketi chafu."

Asubuhi ya Ijumaa Elema alipita katikati ya mji akiongoza ngamia. Mchana kweupe, kwenye barabara kubwa. Mbele yake mji ulikuwa umegeuka wote. Wenye maduka walitazama rafu, washonaji walitazama sindano. Nyuma yake alitembea Mbae, anatokwa na jasho, na nyuma ya Mbae Umulkheir na blanketi kichwani.

Kwenye kizuizi, askari akanyoosha mkono. "Leseni."

"Hii hapa."

"Na ngamia?"

"Yake imepakwa matakoni."

Askari akachungulia, akaona rangi ya serikali, akapiga saluti kidogo, akainua mti. Msinicheke mimi. Ndivyo nchi ilivyokuwa inaendeshwa.

Sajenti Zachary alikuwa amekaa kwenye veranda ya kituo na faili magotini. Hakuwa na roho mbaya Sajenti. Alikuwa mtu wa kuchoka tu, na uchovu wa mtu mwenye bunduki ni hatari kuliko hasira ya asiye nayo. Nje ya waya walikuwa wamekaa mama za waliokamatwa, na Ebla miongoni mwao, gorfa mapajani.

"Habari, Sajenti."

"Nzuri. Leseni."

"Leseni hii. Na ngamia hii."

Sajenti hakuinua kichwa. "Ngamia gani?"

"Ile ya kesi ya Godana."

"Ile imeliwa na shifta porini. Nimeandika."

Dalacha akafungua mdomo akanguruma mpaka kofia ya Sajenti ikatikisika.

"Naona haijaiva," Elema akasema.

Mama mmoja nje ya waya akacheka, akajifunika mdomo. Sajenti akainua kichwa. Akaitazama rangi, akalitazama faili, akamtazama ngamia kwa huzuni, kama mtu aliyemaliza kufagia akaona upepo unakuja.

"Unajua nimeandika kurasa ngapi?"

"Pole, Sajenti."

"Mifupa nimeieleza. Moto waliochomea nyama nimeueleza."

"Pole sana."

Sajenti akapiga kelele ndani. Godana akatolewa akiwa na pingu, mwembamba, ndevu zimemea ovyo. Alipomwona ngamia akasimama ghafla. Alipomwona aliyeshika kamba, akageuza uso ukutani.

"Hii ndiyo?" Sajenti akamwuliza. Hakukuwa na haja ya jibu. Ngamia alikuwa tayari amenyoosha shingo, anamnusa kichwa.

Sajenti akafunga faili. Kesi ya kuliwa ngamia haiwezi kuendelea ngamia akiwa anamnusa mshtakiwa.

"Sasa, Elema. Sikiliza vizuri kabla hujafungua mdomo." Aliteremka ngazi, akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mtu aliyeokota ngamia njiani leo asubuhi akaileta hapa moja kwa moja, huyo ni raia mwema. Namwandika vizuri. Mtu aliyeifuga kwake ngamia ya serikali, huyo anarudi ndani leo, na mkaguzi amelala mjini, atafika hapa sasa hivi kumwona kwa macho. Wewe umeokota lini?"

Elema alikuwa amekuja na maneno yake tayari, ameyapanga usiku kucha. Alifungua mdomo. Mbae akamkanyaga mguu.

"Leo!" Mbae akasema.

"Sikukuuliza, mzee."

"Leo ni Ijumaa, Sajenti," Elema akasema polepole. "Nimekuja kuripoti."

"Basi ni leo." Sajenti akaandika. "Hukumlisha, hukumfunga, hukumkamua. Hasa kukamua. Maziwa ya mnyama aliyekamatwa ni ya serikali, na mtu akiyanywa hapo hakuna namna ya kumfunika, sawa? Ni wizi, na ni kurudia kosa."

"Mimi alikataa nimkamue," Elema akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Pingu zikafunguliwa. Umulkheir akateremsha blanketi kichwani, akalishika kifuani, hajui alikunje au asilikunje.

Godana akasugua vifundo vya mikono. Akamwendea ngamia, akampapasa mbavu, akamtazama macho, akamtazama kwato. Kisha, uso bado umegeukia upande, akasema:

"Dalacha, muulize huyo mtu. Alikuwa anakunywesha?"

Jamani, mfugaji unaweza kumwuliza mambo mengi akadanganya. Mwulize umri, mwulize ng'ombe wake ni wangapi, atakudanganya kwa raha. Lakini ukimwuliza habari ya mnyama wako aliyekuwa mikononi mwake, kama alikunywa, ulimi wake haumngojei.

"Dalacha, mwambie kila asubuhi," Elema akasema. "Debe zima."

Kalamu ya Sajenti ikaanguka.

"Kila asubuhi gani?"

Mbae akafumba macho. Elema akasikia maneno yake yakiwa yamekwisha kutoka, yanatembea uani kama kuku.

Sajenti akaanza kukohoa. Akakohoa kwa nguvu, akakohoa mpaka akainama, akaokota kalamu.

"Samahani," akasema, akijipangusa macho. "Kikohozi. Sikusikia mtu yeyote akisema kitu. Nendeni. Tafadhali, nendeni."

Na wangekwenda. Naapa wangekwenda, na hadithi hii ingekuwa fupi, na Elema angezeeka Bulla Pesa akikunwa mgongo na Umulkheir. Lakini lango lilikuwa wazi, na Ebla alikuwa ameingia.

Alitembea mpaka kwa Dalacha bila kumtazama askari yeyote. Akainama. Maziwa yakaanza kulia ndani ya gorfa, polepole, na uwanja mzima wa kituo ukayasikia.

"Mama," Sajenti akasema. "Mama, hiyo ni ya..."

Ebla akanyanyuka. Akampita Godana. Akampita Sajenti. Akasimama mbele ya mtu aliyemuua mwanawe, na safari hii hakumtuma ngamia.

"Elema."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake tangu kisimani.

"Kunywa."

Akanyoosha gorfa. Godana akageuka kutoka ukutani. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuuficha.

Kwa mtu wa kwetu hakuna haja ya kueleza. Chombo kile kikipokelewa, damu ya Duba imezikwa. Wataamkiana sokoni. Watoto wao watanywesha zamu moja. Hakuna jaji wala bendera iliyoweza kumpa Elema msamaha huo. Leseni yake yote, na picha yake na muhuri wake, haikuwa na thamani ya povu la juu. Na Ebla hakuwa mtu wa kunyoosha chombo mara mbili.

Lango nyuma yao likaguna. Landrova ya mkaguzi ilikuwa inaingia.

"Usinywe," Mbae akasema kwa meno yaliyofungwa. "Elema, kwa jina la mama yako, shika tu. Jifanye. Usinywe."

"Siwezi kukohoa mara mbili," Sajenti akanong'ona. Alikuwa karibu kulia. "Mzee, nakuomba."

Elema akamtazama Umulkheir. Umulkheir alitazama gorfa, akatazama Landrova, akalitazama blanketi. Kisha akalikunja, likawa dogo na nadhifu, akaliweka chini pembeni ya mguu wa mumewe.

Elema akanyoosha mikono yote miwili, kama inavyopokelewa. Injini ikazimwa. Alipoinua chombo, maziwa yalikuwa bado na joto la ngamia.

"Sajenti," sauti ikauliza kutoka dirishani mwa gari, "yule mzee anakunywa nini?"